zlib, gzip au lzma: ipi inafaa kubana data fupi kwenye Python?

Fundi_Chatu: Wakuu, habari za jioni. Nina skripti ya Python inayosoma vipimo vya tangi la maji na kutuma JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) kwenye seva kila dakika. Bando linakata kabla wiki haijaisha. Niko kati ya zlib, gzip na lzma, moduli za kubana data. Seva inapokea maandishi tu, kwa hiyo base64 (kugeuza baiti kuwa herufi) siikwepi. Nimejaribu base64 kisha zlib, sioni nafuu ya maana.

Mchwa88: Umepindua mkuu. Bana kwanza, base64 ije mwisho. Hiyo hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, mzigo unanenepa kwa theluthi, halafu yale yanayojirudia ambayo zlib huyawinda yanavurugika. Kama seva ni yako, jaribu b85encode, ndugu yake base64: baiti 4 kwa herufi 5.

kasuku_wa_pwani: Ujumbe mmoja una baiti ngapi? Maana zlib.compress(b"habari") inachukua baiti 6 inakurudishia 14. Kwa gzip ni 26! Kichwa na mkia (baiti za ziada mwanzoni na mwishoni) peke yake ni baiti 6 kwa zlib, 18 kwa gzip. lzma waachie wenye malundo ya kumbukumbu za mwezi mzima na mashine isiyo na haraka.

Fundi_Chatu: Kama 90 hivi.

kasuku_wa_pwani: Basi kusanya vipimo vya saa nzima utume mara moja. Majina yaleyale yakijirudia mara 60, zlib itashiba. Ukilazimika kutuma kila dakika, kuna zlib.compressobj(zdict=...): unaipa mfano wa JSON yako kama kamusi. Seva nayo iwe na kamusi ileile kwenye decompressobj, la sivyo haifungui kitu.

Mama_Seva: Na ukichagua gzip, weka mtime=0. Kwenye Python 3.9 yangu ilikuwa inaandika saa ndani ya kichwa, data ileile inatoa heshi (alama ya kulinganisha data) tofauti kila nikiibana. Nilikesha nikimlaumu fundi wa mtandao, maskini. Wenye Python 3.14 wana compression.zstd pia, njia nyingine ya kubana, ila hakikisha na upande wa pili wanayo.

Fundi_Chatu: Nakwenda na zlib ya kila saa. Sasa umeme ukikatika dakika ya 59?

Mchwa88: Kila kipimo kiandike kwenye faili kikifika. Ukishapata jibu la seva ndipo ufute.