Eti nihamie shamba! Jirani amekataa kuziba ukuta wetu wa pamoja

Mkaazi wa Kiponda

Assalaam aleikum. Naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwani haijapita saa moja tangu nitolewe maneno barazani, mbele ya wazee na watoto waliokuwa wakinunua urojo. Simtaji jina, wala hakuna haja; kila anayepita Kiponda baada ya sala ya alasiri humsikia kabla hajamuona.

Nilimfuata kwa adabu zote kumweleza kwamba jana usiku, kiasi cha saa tatu, moshi wa jiko lake la mkaa uliingia chumbani kwa mama yangu mwenye pumu, kupitia mlango wa zamani uliounganisha nyumba zetu zilipokuwa za ukoo mmoja. Akanijibu, kikombe cha kahawa mkononi, bila hata kukiweka chini: "Kama pua na masikio yanakusumbua, kahamie shamba." Shamba! Mimi, ambaye babu yangu alizaliwa ndani ya nyumba ile ile!

Wenye nyumba za Mji Mkongwe wanajua ninalolisema. Ukuta ulio baina yetu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unazidi nusu mita, na wenyewe sina ugomvi nao, kwani jiwe haliungui na uzito wake huzuia sauti. Lakini mlango ule haukujengewa. Ulipigiliwa plaiwudi ya nusu inchi ikapakwa rangi, na kwa upande wake jirani ameegemeza mtungi wa gesi. Nimeuona kwa macho yangu kupitia ufa ambao kidole changu cha shahada kinazama mpaka kifundo cha pili. Sauti nayo haihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo: nasikia akikohoa, nasikia akihesabu pesa, na iko siku atanuia jambo moyoni nami nitalisikia.

Juu ndiko kwenye balaa. Zamani paa lilikuwa la sakafu ya chokaa, na mabati yalipoongezwa juu yake kwa sababu ya kuvuja, hakuna aliyeupandisha ukuta. Kwa hiyo chini ya mabati kuna uwazi mmoja juu ya nyumba zote mbili, umejaa mbao kavu na nyaya za umeme zilizochakaa. Moto ukianza kwake hautapiga hodi, na gari la zimamoto haliwezi kuingia katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Nilichomwomba ni tugawane gharama za mawe, chokaa na fundi, tujenge pale mlangoni na kuupandisha ukuta mpaka uguse mabati. Naye, kikombe mkononi, ananiambia nihamie shamba. Akapiga funda, akanitazama!

Binti wa Mkunazini

Pole sana, kaka yangu. Huyo huyo ndiye aliyeniambia mimi nitie pamba masikioni. Nenda kwa sheha kabla hasira hazijapoa.

Fundi Chokaa

Mleta uzi, hasira zisikupeleke dukani kununua povu la kupuliza au sponji, kwani vitu hivyo huungua na moshi wake ni sumu. Trei za mayai nazo hazizuii sauti isipite upande wa pili. Jaza mawe na chokaa, piga plasta pande zote mbili, na uzibe pembeni mwa vichwa vya boriti, maana hapo huachwa matundu ambayo hakuna anayeyatazama. Angalia pia vidaka, yaani vile vishubaka vilivyochongwa ukutani: vyako na vya jirani vikipeana migongo, ukuta uliobaki kati yake ni mwembamba mno. Saruji usiitie, kwa sababu hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe mpaka plasta inabanduka. Na usitoboe kitu bila ruhusa. Anayedhani kuta hizi haziporomoki alikumbuke jumba la Beit el-Ajaib hapa Mji Mkongwe, lililoporomoka sehemu yake 25 Disemba 2020.

Jirani wa Nyuma

Ndugu yangu, unalalamikia kikohozi cha mwenzio na sisi hatujasahau nyundo zako za Ramadhani nzima. Tena plaiwudi unayoilaani aliipigilia babu yako mwenyewe. Fundi wake alikuwa mjomba wangu.

Mkaazi wa Kiponda

Aliipigilia babu, ni kweli, wakati ambapo hapakuwa na mtungi wa gesi nyuma yake. Mimi nazungumzia maneno niliyoambiwa leo, mbele za watu, na kikombe mkononi.

Mtu wa Wete

Afadhali yako wewe unayesikia kikohozi. Huku Pemba duka langu limetenganishwa na la jirani kwa matofali yaliyoishia kwenye dari ya bodi, na jirani mwenyewe anachomelea vyuma. Wiki iliyopita cheche zilipita juu, zikatoboa doti tatu za kanga. Nilipomwonyesha, aliniuliza kwa nini nauza vitu vinavyoshika moto.

Binti wa Mkunazini

Kwangu mimi maudhi hayatoki ubavuni, yanatoka juu. Bibi wa ghorofa ya pili anatwanga kila alfajiri, kinu kimekaa juu ya sakafu tupu.

Fundi Chokaa

Kishindo hicho kinashuka na boriti na kuingia ukutani, kwa hiyo kuziba matundu hakutakusaidia. Mwombe akiweke kinu juu ya magunia yaliyokunjwa, au akihamishie uani.

Jirani wa Nyuma

Fundi, chokaa ya tanuu iliyolowekwa vizuri inapatikana wapi siku hizi? Niliyonunua mwezi uliopita ilikuwa bado ina mabonge ndani, na plasta yangu yote imetoka vipele.