Mrejesho: utafiti wa moyo kwa simu, kutoka Mtwara

Wakuu, niliuliza kama mwenye PhD anaweza kujifunza utafiti wa afya ya kidijitali kwa magonjwa ya moyo akiwa huku Mtwara. Mkasema msimamizi kwanza, ufadhili baadaye. Nimempata, daktari wa moyo yuko Dar. Programu ya simu janja niliyotaka kuitumia kwenye utafiti kaipiga chini: tunaanza na meseji za kukumbusha dawa za presha, maana wazee wangu wa Newala na Tandahimba wanatumia viswaswadu. Wataingia kwenye utafiti wenye presha ya 140/90 kwenda juu. Sasa naandaa maombi ya kibali cha maadili NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina mchezo. Ufadhili bado. Mnamjua mtu wa takwimu anayekubali kulipwa korosho?