Kilimanjaro, Meru au Rungwe: tupande mlima upi kuchangia bweni la wasichana?

Mwalimu_Uyole
Wanajamvi, habari za jioni na heshima kwenu nyote.

Sisi ni kikundi cha walimu na wazazi tuliokusudia kupanda mlima ili kuchangisha fedha za kumalizia bweni la wasichana wa shule yetu ya kata, ambalo limesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi na sasa nyasi zimeota ndani ya vyumba. Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga mtaani, wawili watatu katika chumba kimoja chenye mlango usiofungika vizuri, na kila muhula tunapoteza mmoja au wawili. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka Kilimanjaro, wapo wanaotaka Meru, na wapo wanaosema Rungwe yetu inatosha. Tunatakiwa kulipa kianzio mwishoni mwa mwezi huu, hivyo naomba ushauri wenu.

Mkinga_wa_Makete
Mwalimu, nia yenu ni njema, lakini umetuuliza bei ya gunia bila kututajia lililomo ndani. Mpo wangapi? Mtapanda mwezi gani? Bweni limebakiza shilingi ngapi? Yupo kati yenu aliyewahi kulala juu ya mita 3,000? Na kubwa kuliko yote, gharama za kupanda zinatoka mfukoni mwa nani? Usipolijibu hilo la mwisho, kila mtu hapa atakutajia mlima anaoupenda yeye.

Kipunji_Isongole
Mimi nautaja wangu bila kusubiri: pandeni Rungwe. Ni mita 2,960, unapandwa na kushukwa kwa siku moja mkianza alfajiri, na hauhitaji wapagazi wala mahema. Hifadhi ile ya mazingira asilia iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo mnaomba kibali kwao, mnachukua mwongozaji wa kijijini anayezijua njia, na fedha zote zinabaki hapa hapa kwetu. Msidhani ni matembezi ya kupunga upepo. Msitu ni mzito, njia ni ya matope, ukanda wa mianzi unakulazimisha kuinama huku mizizi ikikuteleza, na ukitoka juu kwenye majani ya wazi upepo unakupiga kifuani. Mkibahatika mtamwona kipunji, yule kima ambaye watafiti walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 2005, ilhali wazee wetu walikuwa wakimfahamu kwa jina hilo hilo tangu zamani. Kwa nini mtu wa Mbeya apeleke fedha za bweni la Mbeya hadi Moshi?

Machame_Mbeya
Kwa sababu anayechangia hatoi fedha kwa mlima asioujua, ndugu yangu. Nimeishi Mbeya miaka mingi na Rungwe naipenda, lakini mkiandika barua kwa benki au kampuni ya Dar es Salaam kwamba walimu watapanda Rungwe, barua itawekwa kando. Mkiandika Kilimanjaro, mita 5,895, mkurugenzi ataisoma hadi mwisho. Mgodi wa Geita pamoja na TACAIDS, ile Tume ya Kudhibiti UKIMWI, wamekuwa wakiutumia mlima huo kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI tangu mwaka 2002, na hawakuuchagua kwa bahati. Ule ni mlima ambao Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge wetu usiku wa kuamkia uhuru mwaka 1961. Mtanzania akiusikia, moyo wake unasimama. Wekeni jina kubwa, michango itakuja.

Mwalimu_Uyole
Nawashukuru kwa haraka yenu. Tupo tisa, wanawake wanne na wanaume watano, na mkubwa wetu ana miaka 54. Tulifikiria Desemba kwa kuwa shule zimefungwa. Hakuna aliyewahi kulala juu ya mita 3,000, ingawa wengi wetu tumepanda mlima Loleza wa hapa Mbeya mara kadhaa. Kuhusu gharama, kamati ilipendekeza zitolewe kwenye michango itakayokusanywa, kisha kinachobaki ndicho kiende kwenye bweni.

Mama_Makambako
Mwalimu, sentensi yako ya mwisho imenifanya niweke kazi yangu pembeni nikuandikie, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kundi la watu kumi na wanne tuliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ili kuchangia wodi ya watoto. Waandaaji sitawataja. Walichukua safari ya siku tano badala ya sita ili kupunguza gharama, na siku iliyokatwa ni ile ya kupumzika kambi ya Horombo ili mwili uzoee hewa. Kwenye karatasi ilionekana ni busara. Horombo iko mita 3,720 na kambi inayofuata, Kibo, iko mita 4,720, kwa hiyo tulipanda mita elfu moja kwa siku moja, tukafika alasiri, tukala kidogo, tukalala kwa saa chache bila usingizi, na kabla ya usiku wa manane tukaamshwa kwenda kileleni.

Baridi ile siwezi kuieleza vizuri. Maji kwenye mdomo wa chupa yangu yaliganda nikawa nasikia yakigonga ndani lakini hayatoki. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote, ambaye siku ya kwanza alikuwa akiwasaidia wengine mizigo, alisimama kwenye changarawe akijaribu kufungua zipu ya koti lake. Alijaribu, akajaribu tena, vidole vikawa vinapita pembeni ya zipu kana kwamba haioni. Nikamuuliza kitu, akanijibu maneno yasiyohusiana. Alipopiga hatua aliyumba kama aliyelewa. Kiongozi wa kundi letu alikuwa amebeba bango lenye nembo ya mfadhili, na akasema tumsaidie tu kidogo, kwa sababu picha ya wote kumi na wanne ilikuwa imeahidiwa. Mwongozaji, mzee mtulivu kabisa, hakubishana. Alimshika kijana mkono, akamgeuza, akamwambia msaidizi wake: "Huyu anashuka sasa hivi." Wakashuka naye gizani hadi Kibo, kisha Horombo, na Mungu akamjalia akapona. Mimi nilifika Gilman's Point, mita 5,681, nikarudi. Waliofika Uhuru, kileleni kabisa, walikuwa sita.

Hilo la mlima limepita. Lisilopita ni la fedha. Tuliposomewa hesabu, zaidi ya nusu ya michango ilikuwa imekwenda kwenye ada za hifadhi, wapagazi, chakula, nauli na fulana, na wodi ikapata mashuka na vitanda vichache. Nilikuwa na daftari langu la wachangiaji wa mtaani kwetu, na jina la kwanza lilikuwa la mama anayeuza ndizi stendi ya Makambako, aliyenipa shilingi 5,000 zilizokunjwa mara nne. Aliponiuliza wodi imependeza vipi, sikuwa na la kumwonesha. Nilibadilisha njia ya kupita kwa wiki kadhaa. Naomba isiwakute.

Mkinga_wa_Makete
Pole sana, mama, na asante kwa kulisema bayana. Mwalimu, hapo pana jambo la kuamuliwa kabla ya mlima. Kila mpandaji alipe gharama zake mwenyewe, au mpate mfadhili mmoja anayejua kwamba fedha yake ni ya safari tu. Michango ya watu iwe kwenye akaunti ya peke yake, yenye watia saini watatu, mmojawapo awe mzazi asiyepanda. Tena mjumuishe mkuu wa shule na ofisi ya kata, msije mkaambiwa mnakusanya fedha kwa jina la shule bila ruhusa.

Machame_Mbeya
Nakubaliana na mama kuhusu siku tano. Hata mimi nisingemshauri mtu. Lakini kosa lilikuwa la waandaaji, mlima hauna hatia. Chukueni siku sita Marangu, au saba Machame ambako njia inapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na kitu, kisha inashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Ndiyo maana ya panda juu, ulale chini. Isitoshe, ada za raia ni ndogo mno kuliko za wageni, na watu wengi hawalijui hilo.

Muuguzi_Iringa
Kamwene, wanajamvi. Naongezea upande wangu. Kule kileleni Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kuishi Mbeya kwenye mita 1,700 hakumkingi mtu kama wengi wanavyodhani. Mazoezi ya kukimbia nayo hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi mwenye pumzi nyingi ndiye anayekwenda haraka na kuumia mapema. Ukishavuka mita 3,000, inashauriwa mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo: mtu asiendelee kupanda nazo. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, kama yule kijana, ubongo umeanza kuvimba. Akikohoa makohozi yenye povu na kuhema hata akiwa amekaa, maji yameingia kwenye mapafu. Dawa ya yote mawili ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Asetazolamidi husaidia kuzoea, lakini anayeandika dawa hiyo ni daktari aliyempima mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Huyo mwenye miaka 54 apimwe shinikizo la damu kabla hamjalipa kianzio chochote.

Meru mmeisahau, nami naiona ni ya katikati. Mita 4,562, siku tatu au nne, mnalala kambi za Miriakamba na Saddle, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati. Ila usiku wa kileleni ukingo ni mwembamba na mwanga ni wa tochi ya kichwani tu. Mwenye hofu ya kimo atateseka.

Kipunji_Isongole
Mwalimu, Desemba sahau kabisa kwa upande wetu huku. Tukuyu mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na njia ya Rungwe inageuka mfereji. Likizo ya Juni ndiyo yenu: baridi ni kali lakini anga liko wazi, na ukiwa kwenye mlima mrefu kuliko yote Nyanda za Juu Kusini unaiona Ziwa Nyasa ikimeta.

Mkinga_wa_Makete
Mrefu kuliko yote ni Mtorwi, kule Kitulo. Mita 2,961.

Kipunji_Isongole
Kwa mita moja, mkuu? Na zipo ramani zinazoiandika Rungwe mita 2,981.

Mkinga_wa_Makete
Zipo, lakini mimi nimesimama juu ya Mtorwi nikaitazama Rungwe, na sikuhisi nimeinua uso. Nalisema hili kwa faida ya mwalimu: asiandike kwenye kadi za mchango kwamba wanapanda mlima mrefu kuliko yote kusini, halafu mchangiaji mmoja wa Makete akamsahihisha mbele ya watu. Aandike "Mlima Rungwe" tu. Na kama wanataka ugumu zaidi, waunganishe vilele vitatu kwa siku tatu: Loleza mita 2,656, Kilele cha Mbeya kinachopita mita 2,800, halafu Rungwe siku ya mwisho. Mwili utajua umefanya kazi, na hakuna atakayelala juu ya mita 3,000.

Machame_Mbeya
Hilo la vilele vitatu ni zuri, sikatai. Bado nauliza ni nani nje ya Mbeya atalichangia.

Mama_Makambako
Wazazi wenyewe watachanga, ndugu yangu, na waliosoma shule hiyo. Harusi moja hapa kwetu inakusanya mamilioni, na hakuna aliyepanda popote. Kinachofanya watu watoe ni kadi, kamati inayofuatilia ahadi, na kitu wanachoweza kukiona. Mwalimu, badala ya kuomba fedha kwa jumla, omba bati. Mkigawa Rungwe kwa mita mia mia mnapata hatua thelathini kasoro kidogo. Kila hatua iwe bati moja lenye jina la aliyelitoa, na mkifika hapo mpige picha mmtumie. Yule mama wa ndizi angeweza kuungana na wenzake watatu wakatoa bati lao, na siku moja akapita akaliona limepauliwa.

Mwalimu_Uyole
Nimesoma yote na nimeyachapa kwa ajili ya kamati. Mama Makambako, pole na asante. La gharama nitalisimamia mwenyewe lisipite. La Juni nalo nimelielewa. Ninachokiona kigumu ni kwamba wenzetu wawili wamekwisha kumwahidi mfadhili wa Dar es Salaam kwamba ni Kilimanjaro, na yeye amesema atalipia safari ya watu wanne.

Mkinga_wa_Makete
Wanne tu, kati ya tisa? Na bweni amesema atatoa kiasi gani? Halafu hadi sasa hujatutajia limebakiza shilingi ngapi.

Mwalimu_Uyole
Kuhusu bweni hajasema. Makadirio ya fundi yalifanywa mwaka juzi na bei za mabati na mbao zimepanda tangu hapo, ndiyo maana nimesita kutaja. Kamati inakutana Jumapili baada ya ibada.

Muuguzi_Iringa
Mwulizeni fundi pia kama lenta iliyonyeshewa misimu miwili bila paa bado iko salama, kabla ya kuhesabu bati hata moja.

Kipunji_Isongole
Jumamosi kabla ya kikao njooni kwetu Isongole, chini ya Rungwe, wote tisa, na viatu vyenye meno na chakula cha kubeba. Nitawatafutia mwongozaji na nitawasindikiza hadi juu ya mianzi. Ndaga fijo, asante sana, mwalimu. Nipigie ukishapata kibali.