Tupeane uzoefu: baba yuko operesheni, mama wa kota anaiendeshaje nyumba?

Mama Kota
Wadau, kila kikosi kikiaga kwenda kulinda amani, maswali ya akina mama wa kota, yaani wake wa wanajeshi kwenye nyumba za jeshi, ni yale yale. Tumwage vitu vya maana hapa. Za "Mungu atakutunza" tumeshazisikia.

Naanza na karatasi. Kabla hajaondoka, bahasha moja iwe na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na namba yake ya jeshi. Nakala nyingine akae nazo mtu mnayemwamini. Halafu apite ofisi ya utawala kikosini aangalie jalada lake. Wengi waliandikishwa wakiwa makapera, kwenye ndugu wa karibu wakaweka mama au kaka. Wameoa, wamezaa, jalada liko vile vile.

Ngurumo
Hapo kwenye jalada umegonga penyewe.

Kiwi Nyeusi
Umenikumbusha sare zinazobaki kabatini. Kombati haitiwi jiki, rangi inababuka. Igeuze ndani nje, ianike kivulini. Buti lililolowa lisikae juani wala karibu na jiko, ngozi inapasuka. Toa kamba, lijaze magazeti, yakilowa yabadilishe. Kiwi iwe nyembamba, pamba iwe na unyevu kidogo tu, zungusha taratibu. Kuna watu wanapaka kiwi kama siagi kwenye mkate, kisha wanalalamika buti halina mng'ao.

Na kombati chakavu usimgawie kijana wa shamba. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa. Mwaka 2023 Jeshi lilitoa siku 7 watu wazisalimishe.

Shangazi wa Mbezi
Mada ni familia, wewe unatuletea kiwi 😂

Kiwi Nyeusi
Buti nalo ni la familia, shangazi.

Dada Mhasibu
Tuje kwenye hela. Kuachiwa kadi ya benki na namba ya siri si mpango. Mashine ikiimeza, benki haikutambui. Fungueni akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yenu anaweza kutoa bila sahihi ya mwenzake, kisha aache agizo la kudumu kwamba kila mshahara ukiingia, kiasi fulani kihamie huko. Ada, chakula na kodi vitoke hapo. Posho ya misheni msiipangie matumizi kabla haijaingia.

Bakabaka
Akaunti ya pamoja? Hela ya kiwanja ikiyeyuka mtamkamata nani? Kila mtu na yake, atume kwa simu.

Dada Mhasibu
Akiwa porini mtandao hakuna, mtakula nini?

Bakabaka
Dagaa.

Wakili wa Uswahilini
Mnagombania dagaa, nyumba zinaangukia kwenye mirathi. Semuliki, Kongo, 7 Desemba 2017, wanajeshi wetu wa kulinda amani walipouawa, haijasahaulika kwa mtu wa kota. Jeshi linazika kwa heshima zote, yanayofuata ni ya ukoo.

Akaunti yenye jina lake peke yake inafungwa. Hata ile hati aliyokuachia ya kutenda kwa niaba yake inakufa naye. Chukueni cheti cha kifo, mkae kikao cha ukoo, muandike muhtasari unaomtaja msimamizi na warithi WOTE. Mirathi za kimila na za Kiislamu zinafunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu namba 1. Mahakama inatoa tangazo, pasipo pingamizi msimamizi anapewa Fomu namba 4, yaani barua ya kumteua, na hiyo ndiyo benki wanaitaka. Ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, fomu 5 na 6. Majina yakitofautiana, kule Juma huku Jumanne, andaeni hati ya kiapo mapema. Hilo ndilo linalokwamisha mafaili mengi.

Sasa, matanga hayajaanuliwa anatokea mama mwingine na watoto wawili. Msimfukuze. Mkimwacha nje ya muhtasari ataweka pingamizi, na usimamizi unaweza kutenguliwa mkiwa mmeshagawana. Mama mkubwa wa familia amkalishe, aangalie vyeti, majina yaandikwe.

Ngurumo
Mke wa pili katajwa, uzi umeamka.

Shangazi wa Mbezi
Yaani mimi nimpikie mchepuko chai?

Wakili wa Uswahilini
Chai si lazima, shangazi. Ila watoto wana haki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kunufaika na mali ya mzazi wake.

Bakabaka
Ndiyo maana kiwanja kiandikwe jina la mama. Kesi imeisha.

Dada Mhasibu
Mama naye akitangulia? Andikeni majina yote mawili. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja.

Mama Kota
Watoto mmewasahau. Uhamisho ukija, anzeni na shule mnayokwenda ikubali kwanza kwamba ina nafasi, ndipo mwombe ruhusa mnakotoka. Namba ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, iandikeni pembeni. Aliyekwisha kusajiliwa mtihani wa darasa la saba msimng'oe, abaki kwa shangazi amalize.

Shangazi wa Mbezi
Shangazi yupi? Kwangu pamejaa.