Mrejesho: vitabu vya The Beatles kwa shabiki sugu

Wadau, shukrani. Niliuliza hivi: shabiki sugu wa The Beatles, ile bendi ya Uingereza, aliyeko Mwanza aanze na kitabu gani? Kilichosimama ni Tune In cha Mark Lewisohn (2013). Angalizo: kinaishia mwisho wa 1962, hivyo anayetafuta habari za Abbey Road, albamu yao ya 1969, atakosa. Toleo refu ni juzuu mbili nzito, na gharama ya kusafirisha mpaka huku inauma. La kawaida au la kusomea kwenye simu linatosha kabisa.

Kwa mambo ya studio, Revolution in the Head cha Ian MacDonald: wimbo mmoja mmoja, nani kapiga chombo gani. Hukumu zake kali, wakati mwingine za kuudhi, ila hachoshi. Tafuteni toleo lililorekebishwa, si lile la 1994.

Mkishavipata, rafu ya vitabu isigusane na ukuta wa nje. Unyevu wa ziwa huleta ukungu kwenye kurasa.