Naombeni ushauri: walioko darasani wanasema hawana mafanikio

Chaki na Ubao (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye skuli ya elimu ya chuo kikuu kimoja. Nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mafanikio ya wahitimu wetu. Kitasomwa na wanaoomba kujiunga, na pia na wanafunzi tulionao, maana wengine wameanza kuukatia tamaa ualimu kabla hata ya kumaliza.

Nilituma dodoso fupi: unafanya kazi gani, una cheo gani, umepata tuzo gani. Majibu yamekuja na mengine yanatia moyo. Yupo mkuza mitaala, yupo mhariri wa vitabu vya kiada, yupo mshauri nasaha, na mmoja anasimamia mafunzo ya wafanyakazi benki. Ila wengi wanafundisha, na hapo ndipo nilipokwama. Dada mmoja amefundisha darasa la kwanza miaka 19 mfululizo. Kwenye nafasi ya mafanikio ameandika: "Sina. Bado nipo darasani tu." Hiyo "tu" imeninyima usingizi. Na wameiandika wengi, kila mtu kwa namna yake.

Mkuu wa idara anataka majina kumi "yenye uzito". Nifanyeje? Niweke wenye vyeo nimalize kazi, au kuna namna nyingine ya kuuliza?

Mkaguzi Mstaafu

Mwanangu, dodoso lako ndilo lililomwambia kwamba hana. Umempa visanduku vitatu, na kazi yake haikai hata kimoja.

Nimekagua shule miaka mingi. Andalio la somo nililiangalia mwisho, kwa sababu hata mwalimu mvivu anaweza kuliandika vizuri usiku mmoja. Nilikuwa naomba madaftari ya watoto, tena ya wale wanaosuasua. Natafuta kosa moja, tuseme mtoto anaandika "b" akigeuza kuwa "d". Naangalia kama mwalimu ameliona, amesahihisha vipi, halafu nafungua kurasa za mbele. Likipungua, likapungua, mwisho likapotea, basi hapo kuna mwalimu. Hilo halimpandishi mtu cheo, ndiyo maana hajui kama nalo huitwa mafanikio.

Muulize hivi: nitajie jambo ambalo mtoto hakuliweza alipofika kwako na akaliweza alipoondoka. Ulijuaje kwamba ameliweza?

Nje ya Darasa

Naheshimu alichosema mzee, ila usiwafiche waliotoka. Mimi nilisomea ualimu na sasa nafundisha watu wazima kazini. Kupanga somo, kujua kama mtu ameelewa au anaitikia tu, hivyo ndivyo ninavyolipwa. Ningeambiwa hayo nikiwa mwaka wa tatu ningelala vizuri.

Wala si jambo geni. Carl Rogers alipata udaktari wake Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1931, akaja kubadilisha namna ushauri nasaha unavyofanyika. Shirley Chisholm naye alichukua shahada ya uzamili hapohapo, kwenye elimu ya watoto wadogo, akasimamia vituo vya kulea watoto. Mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Ila andika njia waliyopita, usiishie kwenye cheo. Walianza na kazi gani? Nini kiliwatoa? Walilazimika kujifunza nini ambacho chuo hakikuwapa? Mwanafunzi ana cha kufanya na hayo. Picha ya mtu amevaa suti haimsaidii kitu.

Binti Ualimu

Na Nyerere je? Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na baadaye Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Amekuwa rais, amefariki mwaka 1999, na bado watu wanamwita Mwalimu.

Hesabu Kwanza

Binti, mfano ni mzuri, lakini ndimo mtego ulimo. Tunamtaja kwa sababu alikuja kuwa rais. Waliofundisha naye Pugu wakaendelea mpaka kustaafu, nani anawataja?

Mleta uzi, jiulize pia ni nani hawakukujibu. Mwenye cheo hujibu haraka, asiye na kazi hunyamaza. Chagua mwaka mmoja wa kuhitimu, uwatafute wote, hata wanaouza duka, hata waliokaa nyumbani. Wachache uliowapata wote ni bora kuliko kumi uliowachagua.

Na kama mkuu wako anapenda ushahidi, mwaka 2014 wanauchumi Chetty, Friedman na Rockoff walichapisha utafiti uliofuatilia rekodi za zaidi ya watoto milioni 1 Marekani. Waliopitia kwa walimu wanaoinua alama walielekea zaidi kufika chuo, na walipokua walipata kipato kikubwa zaidi. Huo ni wastani wa watoto wengi, usiubandike kwa mwalimu mmoja. Lakini unaonyesha kazi ya darasani haiishii darasani. UNESCO nao walisema mwaka 2023 kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia 2030, na sehemu kubwa ni ya kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Mtu aliyebaki miaka 19 mhesabu kwa kubaki kwake.

Chaki na Ubao (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Jana nilimpigia yule dada simu, nikamuuliza swali la mzee kama lilivyo. Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Kumbe alikwenda kuchukua daftari.

Kila mwaka huandika majina ya watoto wake, na mbele ya kila jina tarehe ambayo mtoto alisoma peke yake sentensi ambayo hajawahi kusomewa. Alinisomea ukurasa mmoja. Wengi ni mwezi wa tano, wa sita. Jina moja likakaa bila tarehe mpaka 23 Novemba, na pembeni ameandika kwamba kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia. Akaniuliza, "Na hiyo nayo mnaiandika?"

Amekubali kunitumia picha ya ukurasa huo, majina ya watoto yakiwa yamefunikwa. Wenye vyeo nitawaweka pia, kwa kueleza njia zao. Kikao na mkuu wa idara ni Alhamisi. Mzee, utakuwa na nafasi ya kupitia dodoso jipya kabla ya hapo?

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba. Lilete leo jioni, nina muda.