Mwanga ni wimbi au chembe? Naombeni ushauri, nimweleweshe vipi mdogo wangu

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anasoma fizikia, kaniuliza mwanga ni kitu gani hasa maana kitabu chake mwanzoni kinasema wimbi, mbele kinasema chembe. Hili jibu la "saa nyingine wimbi saa nyingine chembe" halimridhishi na hata mimi haliniingii. Nianzie wapi aelewe bila kukariri?

Mzee_wa_Lenzi: Anza na jaribio la mwanasayansi Thomas Young mkuu, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mwanga ukipita kwenye vipenyo viwili vyembamba vilivyo karibu karibu unatoa mistari, mwanga giza mwanga giza. Mkazie hapo kwenye giza. Ukiziba kipenyo kimoja, sehemu iliyokuwa giza inapata mwanga! Chembe za kawaida haziwezi hilo, mawimbi yanaweza maana yanafutana.

binti_fizikia: Halafu mpeleke kwenye bati la madini ya zinki. Imulike na taa nyekundu kali unavyotaka, elektroni haitoki hata moja, ila mionzi ya UV (urujuanimno) hata hafifu inazitoa hapo hapo. Kungekuwa na wimbi tu, ukali wa taa ungetosha. Einstein 1905 akasema nishati inakuja kwa mafungu, na fungu la mwanga mwekundu halifikii hata 2 eV (eV ni kipimo kidogo cha nishati) wakati zinki inataka kama 4.3 ili iachie elektroni. Nobeli yake ya 1921 alipewa kwa hili, sio kwa rilativiti.

Mleta uzi: Asanteni sana. Sasa ile mistari si inatokea kwa sababu fotoni (hayo mafungu ya mwanga) ni nyingi zinagongana zenyewe kwa zenyewe?

Kipimo: Hapana, na hapa ndo penye utamu wote. Mwanafizikia Taylor mwaka 1909 alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, sahani moja ya kunasia picha ilikaa kama miezi mitatu, na mistari ikatokea vile vile. Siku hizi wanarusha fotoni moja moja, kila moja inaacha doa moja tu, madoa yanaonekana hayana mpangilio kabisa ila yakishakuwa mengi mistari inajichora yenyewe. Ukiweka kifaa cha kujua imepita kipenyo kipi, mistari inapotea. Kwa hiyo usimwambie inageuka njiani mara wimbi mara chembe. Mwambie wimbi ndo linaamua uwezekano wa doa kutokea wapi, ila nishati inapokelewa nzima, sehemu moja.

Mzee_wa_Lenzi: Naunga mkono. Na mfanyie kwa vitendo bana, chukua leza ndogo nyekundu, bandika unywele mmoja mbele ya tundu lake, elekeza ukutani mita 2 chumba kikiwa giza. Ataona vidoa vimejipanga kwa mstari pande zote mbili, vimeachana kama sentimita 2 hivi, unywele ukiwa mnene vinasogeleana. Asiangalie leza moja kwa moja na isipige kioo.

Mleta uzi: Leza ninayo, leo usiku tunajaribu naye.